Kikombe, Ndoo na Daftari: Historia ya Mgonjwa wa Kuhara na Deni la Dola

Historia ya nchi yetu tumezoea kuiandika kwa majina ya watawala, vita na mikataba. Ni nadra kuiandika kwa kuhara. Neno lenyewe halina heshima mezani. Mtu hulitamka kwa sauti ya chini, na mwanafunzi akilitaja darasani wenzake hucheka. Hata hivyo, kuhara kumewaua watu wengi ambao vitabu vya historia huwapitia kwa mstari mmoja, na namna walivyokufa inatueleza nani alihesabiwa kuwa mtu na nani hakuhesabiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninakusudia kuyafichua maradhi haya kwa kumfuata mgonjwa wa kuhara kutoka njia ya misafara ya karne ya 19 hadi kitanda cha wodi ya leo.

Ninaandika nikiwa na Bungu akilini. Siyo Bungu ya Kibiti, wanayoifahamu wasafiri wa barabara ya kusini, bali Bungu ya Wilaya ya Korogwe, kata iliyo katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Chini ya milima hiyo limelala bonde la Mto Pangani, na ng'ambo ya bonde ni Handeni, nchi ya Wazigua, ambako kiangazi hulifanya suala la maji kuwa kazi ya siku nzima. Milimani mito ipo. Tambarare maji ni ya kutafutwa. Mgonjwa wa kuhara anaweza kutoka kokote kati ya pande hizi mbili, maana ugonjwa huu hukaa penye uhaba wa maji na hukaa pia penye maji mengi yasiyo salama.

Hoja yangu ni moja. Elimu ya kumwokoa mgonjwa wa kuhara imekuwapo kwa muda mrefu, na kwa zaidi ya nusu karne imekuwa elimu ya bei rahisi. Kilichoamua nani apone na nani azikwe ni iwapo taasisi iliyompokea ilimwona anastahili kupimwa: kupimwa maji yanayomtoka, kupimwa maji anayorudishiwa, na kuandikwa. Vyombo vya kazi hiyo ni kikombe, ndoo na daftari.

Bonde la Pangani, 1869

Mwaka 1876 daktari Mskoti, James Christie, aliyefanya kazi Unguja na kumhudumia Sultani, alichapisha kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Alikusanya habari za wafanyabiashara na watu wa misafara, akaupanga mwendo wa ugonjwa kituo kwa kituo. Kwa maelezo yake, mlipuko mkubwa wa 1869 na 1870 haukufika Unguja kwa jahazi kutoka India, kama mtu angetarajia. Ulishuka kutoka bara kupitia nchi ya Wamaasai, ukatokea Pangani, kisha ukavuka bahari. Bonde linalotazamana na milima ya Usambara lilikuwa njia ya pembe za ndovu. Likawa pia njia ya kifo. Unguja ilipoteza watu kwa maelfu.

Christie alikuwa na akili ya upelelezi, lakini tiba ya zama zake ilikuwa nyuma ya upelelezi wake. Afyuni na dawa za zebaki, zilizotumiwa sana na madaktari wa Ulaya, hazikumrudishia mgonjwa kile kilichokuwa kikimtoka. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili kwa kasi ambayo, katika hali mbaya, huweza kuzidi lita 1 kwa saa. Mgonjwa hukauka, damu hupungua nguvu ya kuzunguka, mapigo hupotea mkononi, naye hufa akili yake ikiwa bado na fahamu.

Jambo la kushangaza ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Wakati kipindupindu kilipofika Uingereza mwaka 1831, William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa, akaona imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1832 Thomas Latta, akifanya kazi Leith, Scotland, aliingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa waliokuwa mahututi, na baadhi yao waliinuka. Lakini wengi walitiwa maji hayo wakiwa wamekwisha kukata tamaa ya uhai, maji yenyewe hayakuwa safi, na walioamka waliachwa bila kuongezewa huku wakiendelea kuharisha, wakafa. Wataalamu wengi wakahitimisha kwamba tiba haifai. Tiba ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kipimo na uvumilivu wa kukaa na mgonjwa. Msomaji alikumbuke kosa hilo, kwa sababu litajirudia.

Wapagazi wa 1916

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Iliyafungulia mashamba ya mkonge njia ya kwenda bandarini, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliifuata njia hiyo hiyo kushuka bonde la Pangani. Mwezi Juni mwaka huo yaliingia Korogwe, kisha Handeni. Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi wenye mizigo kichwani, watu wa Kikosi cha Wapagazi ambacho jina lake la Kiingereza limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo.

Wapagazi hao hawakuuawa zaidi na bunduki. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wao wakuu, pamoja na malaria na homa ya mapafu. Watu waliozoea ndizi, mtama au viazi walipewa unga wa mahindi, na baada ya mwendo wa siku nzima hawakuwa na muda, sufuria wala kuni za kuupika uive. Walikunywa maji ya madimbwi yaliyokwisha kupitiwa na wanyama na majeshi yaliyotangulia. Takwimu za serikali ya Uingereza yenyewe zilikiri makumi ya maelfu ya vifo vya wapagazi, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Hapa ndipo utambuzi wa ugonjwa unapoingia katika siasa. Kufikia vita hivyo sayansi ilikwisha kujua kwamba kuhara damu si ugonjwa mmoja. Mjapani Kiyoshi Shiga alikuwa ametambua bakteria wake mwaka 1897, na ilifahamika kwamba kuna kuhara damu kwingine kunakosababishwa na amiba. Tangu 1912 ilikuwapo sindano ya emetini kwa ajili ya amiba, dawa isiyosaidia kitu kwa ugonjwa wa Shiga. Kuzitofautisha aina hizo mbili kulihitaji hadubini, kinyesi kibichi na mtu aliyefundishwa. Jeshi liendalo mbio na wapagazi waliohesabiwa kwa mizigo badala ya majina lisingeweza kutoa huduma hiyo kwa kila aliyeanguka kando ya njia. Swali la kitabibu, "huyu anaumwa nini hasa?", lilitangulia kujibiwa na swali la kiutawala: "huyu ni nani hata tumuulize?"

Dhaka, Bangaon na kitanda chenye tundu

Ugunduzi uliobadili mambo ulitoka Bengali, mahali ambapo kipindupindu ni mwenyeji. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash pamoja na wenzao walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunywa maji yenye chumvi na glukosi, na utumbo wake ukayapokea hata kama bado unaharisha. Siri iko katika ukuta wa utumbo: sodiamu na glukosi hupita mlango mmoja zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu haiufungi mlango huo. Wagonjwa waliokunywa walihitaji dripu pungufu kwa takriban asilimia 80.

Wanahistoria wa tiba huishia mara nyingi kwenye kikombe. Mimi ningependa tutazame pia kitanda. Katika wodi za Dhaka mgonjwa alilazwa juu ya kitanda cha turubai chenye tundu katikati, na chini yake ndoo yenye alama za lita. Kilichotoka kilipimwa, kilichopimwa kiliandikwa, kilichoandikwa kilirudishwa kwa kinywa au kwa mshipa. Aibu ya kinyesi iliondolewa, kikawa takwimu.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Katika kambi ya Bangaon dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na sukari zichanganywe katika mapipa, akawaachia ndugu za wagonjwa kazi ya kunywesha kikombe baada ya kikombe. Vifo chini ya uangalizi wake vilishuka hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100, ilhali kabla ya hapo vilifikia kama 30. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba, tusisahau, ni kipimo.

Mtu ni Afya, na yaliyofuata

Sisi Tanzania hatukuwa tumelala. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na makazi yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu wazima milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuchimba vyoo, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyozungumzwa. Ninawasihi wanafunzi wangu wasikidharau kipindi hicho. Dola changa na maskini ilithubutu kulitaja kinyesi redioni kama jambo la ujenzi wa taifa.

Lakini choo bila maji ni nusu ya jibu. Vijiji vilikusanya watu kwa kasi kuliko mabomba, na mwaka 1977 kipindupindu kiliingia nchini kwa mlipuko mkubwa, kikawa mgeni asiyeaga. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, mashine za maji zilikosa vipuri na dizeli. Mwaka 1991, mwaka wa ahadi ya maji, ulipita. Mwaka 1993 hospitali za Serikali zilianza kutoza ada. Ni katika miaka hiyo hiyo kuhara kulipobadilika sura. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, watu waliona ndugu zao wakikonda kwa kuhara kusikokoma, wakauita ugonjwa huo Juliana. Hospitali zilizojiandaa kwa kuhara kwa siku tatu zikapokea kuhara kwa miezi mitatu. Kipimo kipya kikahitajika: kuuliza kumedumu kwa muda gani.

Ushahidi kwamba utaratibu huokoa tunao hapa hapa nyumbani. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, wahudumu wa zahanati katika Morogoro Vijijini na Rufiji (ambamo Bungu ile nyingine ilikuwamo) walifundishwa kumtazama mtoto mzima badala ya kutibu homa peke yake: kuuliza kuhusu kuhara, kubana ngozi ya tumbo, kutazama macho, kumpa kikombe waone anavyokunywa. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 wakilinganishwa na wilaya za jirani ambazo hazikuwa na utaratibu huo.

Goma na Muheza

Anayedhani kwamba elimu ikishapatikana hubaki, na aitazame Goma. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikusanyika juu ya mawe ya volkano, mahali pasipochimbika choo wala kaburi. Kipindupindu kiliwaangukia, kikafuatiwa na kuhara damu kwa bakteria wa Shiga waliokwisha kuzoea dawa nyingi. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokadiriwa kufikia karibu 50,000. Wataalamu waliochunguza baadaye walisema wazi kwamba katika baadhi ya vituo wagonjwa waliongezewa maji polepole mno, wakapewa dripu zisizofaa, na maji ya kunywa ya chumvi na sukari hayakutumiwa ipasavyo, kwa sababu wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Ilikuwa imepita miaka 23 tangu Bangaon. Kosa la 1832 lilikuwa limerudi.

Funzo la upande wa pili linatoka jirani kabisa na Korogwe. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa moja ya hospitali sita za Tanzania, Kenya na Uganda zilizoshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Utafiti huo uliwaacha nje watoto wenye kuhara. Waliotiwa maji mengi kwa haraka mshipani walikufa zaidi ya 10 kwa kila 100 katika saa 48. Waliopewa maji kwa kiasi cha kawaida walikufa 7. Kwa hiyo maji hayohayo yanayomwokoa mtoto aliyekauka kwa kuhara yanaweza kumdhuru mtoto mwenye homa ya sababu nyingine. Dunia nzima ilijifunza jambo hilo kutoka wodi za aina ya wodi zetu. Kutambua ugonjwa si anasa ya hospitali za rufaa. Ni tofauti kati ya dripu iokoayo na dripu iuayo.

Wodini leo

Mimi si tabibu. Nilichokisoma ni historia, lakini historia hii imeacha kanuni ambazo raia yeyote anaweza kuzielewa na kuzidai.

Mosi, jambo la kwanza ni ukavu wa mwili, na jina la kijidudu hufuata. Macho yamezama? Ngozi ikibanwa inarudi polepole? Mgonjwa ana kiu kali, au amelegea hata hawezi kunywa? Mtoto wa kilo 10 mwenye zaidi ya mwaka mmoja, akiwa mahututi kwa ukavu, hupewa mililita 300 mshipani katika nusu saa ya kwanza na 700 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Akiwa na ukavu wa wastani hunyweshwa mililita 750 za ORS kwa saa nne. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana kipimo chake cha tahadhari. Hesabu hizi haziwezekani bila mizani, saa na kikombe.

Pili, huulizwa sura ya kinyesi na muda wake: ni maji matupu, kina damu, au kimepita siku 14? Antibiotiki hazihitajiki kwa kila anayeharisha. Kuzigawa ovyo ndiko kulikowafundisha bakteria ukaidi. Mtoto huongezewa zinki kwa siku 10 hadi 14, na chakula na ziwa la mama havikatizwi.

Tatu, huulizwa kama kuhara kulianza kabla au baada ya kulazwa. Mtu aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, akaanza kuharisha siku ya nne, ameupata ugonjwa hospitalini. Hapo hutazamwa karatasi ya dawa zake, hasa antibiotiki, na hutazamwa mikono ya waliomhudumia. Bakteria Clostridioides difficile, ambaye hushamiri baada ya antibiotiki kuvuruga utumbo, amekwisha kupatikana na watafiti katika wagonjwa wa Mwanza. Hospitali isiyo na maji bombani haiwezi kujitetea dhidi yake.

Kwenye karatasi yote haya ni mepesi. Nimewahi kumuuguza jamaa yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Usiku muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Dripu ilining'inia bila maandishi ya saa iliyowekwa. Aliyehesabu safari za chooni alikuwa shangazi, kwa kufunga fundo kwenye pembe ya kanga kila mgonjwa aliporudi. Asubuhi tabibu alipouliza ameharisha mara ngapi, shangazi alimnyooshea kanga: mafundo 11. Tabibu aliyaandika, akaongeza maji. Sikumlaumu muuguzi, ambaye hakuketi tangu jioni. Nilijiuliza ni nani aliyepanga kwamba mtu mmoja anatosha kwa vitanda vyote vile, na kama aliyepanga amewahi kulala humo.

Tunachodaiwa

Tangu mwaka 2007, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, sera yetu imesema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Tangu 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya virusi vya rota, hatua ninayoipongeza bila kigugumizi. Hata hivyo mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 uliugusa sehemu kubwa ya nchi na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Majengo yameongezeka, swali la wapagazi wa 1916 bado linasubiri jibu.

Kwa mtumishi wa halmashauri anayesoma hapa: unapopanga bajeti ya kituo kilicho juu ya mlima kama Bungu, ambako mvua ikinyesha safari ya kwenda hospitali ya mjini si ya kutegemewa, usikimbilie kuuliza ukubwa wa jengo tu. Uliza kama bomba la wodi linatoa maji kiangazi, kama kuna mtu wa zamu ya usiku anayeweza kukaa na mgonjwa saa nne za kwanza, na kama ORS na zinki havikukatika robo mwaka iliyopita. Kwa mwanaharakati: haki ya afya ukiidai kwa jumla ni rahisi kukubaliwa na rahisi kusahauliwa, idai kwa lita. Kwa mwanafunzi: nenda kwenye madaftari ya zamani ya wodi, yale yanayooza stoo, ukasome safu ya maji yaliyoingia na safu ya maji yaliyotoka. Penye safu tupu, hapo ndipo mtu aliachwa bila kuhesabiwa, na hapo ndipo utafiti wako uanzie.